Bahari Iliyoachwa Laini

Saa moja na nusu asubuhi, kengele ya shule bado haijalia. Mama Sindano ameketi kwenye meza ndefu ya chumba cha kushonea, macho kayafumba, anaipapasa Bahari ya Atlantiki.

Kidole chake kinaanzia pwani ya Amerika. Kinapita juu ya shanga zilizoshonwa mbili mbili, kinagonga kichwa cha pini, kinasimama. Anakunja uso. Pini imechomoza mno, itamwumiza mtu. Anaigonga kwa mgongo wa mkasi, kisha anarudi tena pwani na kuanza upya.

"Hizi shanga ni meli za mizigo," anasema, macho bado kafumba. "Pini ni nyambizi, zile za kuvizia chini ya maji. Nataka mtoto akipita hapa aingiwe na wasiwasi kidogo. Wenye meli walikuwa nao mwingi."

Hii ni shule ya wanafunzi wasioona, na kwa zaidi ya miaka ishirini ramani zote zinazosomwa hapa kwa vidole zimetoka mikononi mwake. Kwenye orodha ya mishahara yeye ni mshona mashuka, na ni kwa mashuka tu analipwa. Ramani ni mzigo aliojitwika mwenyewe. Muhula huu ukiisha, anastaafu. Vidole navyo vimeshaanza kumgomea: asubuhi ya baridi huviloweka kwanza kwenye maji ya moto ndipo vikubali kushika uzi.

Yote yalianza siku mwalimu wa historia alipoingia humu kuomba kamba. Alikuwa kijana wakati huo, mwenye maneno mengi na vifaa vichache, na alitaka kuwaonyesha wanafunzi mpaka wa nchi mbili zilizopigana. Mama Sindano akamwambia kamba itasogea, afadhali amshonee.

"Nikajua nimepata kamba," anakumbuka Mwalimu, ambaye siku hizi ana mvi na maneno yale yale. "Kumbe nimepata jeshi zima."

Ramani ya kwanza ilikuwa ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwalimu alitaka darasa lishike jambo moja: mahali vita vilipogeukia, na kwa nini pale. Mama Sindano akaweka kifungo kikubwa cha koti kila palipogeuka. Jangwa la Afrika Kaskazini alilitengeneza kwa msasa. Theluji ya Urusi aliitengeneza kwa pamba.

Bado anayo, na anapenda kuisimulia. Anaweka kidole kwenye kifungo kilichozungukwa na pamba.

"Stalingrad. Mjerumani alikuwa anaenda mbele tu, hashikiki. Hapa akazingirwa. Njaa ikamkalia kooni, baridi nayo ikamkalia kooni, mwanzoni mwa mwaka arobaini na tatu jeshi zima likasalimu amri. Tangu hapo, upande huu, akawa mtu wa kurudi nyuma."

Kidole kinashuka hadi kwenye msasa.

"Na hapa El Alamein. Angepita hapa, anaukuta Mfereji wa Suez, na mbele yake mafuta. Akazuiwa. Vita bila mafuta utapigana na nini, mwanangu?"

Askari aliwatengeneza kwa punje za mchele zilizogandishwa kwa gundi. Ilipofika likizo, panya wakaingia kabatini wakala majeshi yote, ya pande zote mbili, bila upendeleo. Shule ilipofunguliwa, msichana mmoja alipapasa ramani nzima, akanyoosha mkono, akauliza waliokufa wote hao wameuawa na nani. Mwalimu akajibu kwamba ni panya. Mpaka leo shuleni hapa utani ni kwamba vita vile walishinda panya.

Msichana huyo walimwita Kamusi. Alikuwa hakubali kupitwa na neno, na alikuwa amekwisha kumtangazia kila mtu kwamba atakuwa mwalimu wa historia.

Hapo ndipo sauti ya Mama Sindano inaposhuka. Anaacha Stalingrad na kuweka kiganja chote juu ya sehemu ya ramani isiyo na kitu.

"Bahari niliiacha kadi tupu," anasema. "Laini hivi. Mimi naona, kwa hiyo kwangu ilikuwa bahari. Niliipaka hata rangi ya buluu. Sasa niambie, buluu ile nilimpakia nani?"

Kwa kidole, kadi laini ni mahali palipoishia ramani. Wanafunzi waliichukulia kuwa pambizo, kama ile nafasi ya pembeni wanayoiacha kwenye kurasa zao za nukta nundu. Miaka ikapita, darasa baada ya darasa, wakijifunza vita vya dunia nzima ambavyo havikuwa na bahari.

Mwalimu hajivui lawama. "Nilizitaja bahari hizo mpaka koo likakauka. Lakini sikio lilisikia neno, mkono ukasema hapa hapana kitu. Wakauamini mkono. Hata mimi ningeuamini."

Kwenye mtihani wa mwisho, Kamusi alikutana na swali alilokuwa akilisubiri kwa hamu: taja mahali vita vilipogeukia na ueleze umuhimu wake. Aliandika mengi kuhusu theluji na jangwa. Kuhusu bahari hakuandika hata mstari. Matokeo yalipotoka, kukosa alama chache tu kulimfungia mlango wa chuo cha ualimu. Leo anapokea simu kwenye hospitali moja.

Je, ni swali lile lililomponza? "Hakuna ajuaye," anasema Mwalimu. "Labda ndilo, labda silo. Lakini mwenzangu huyu hiyo labda hataki hata kuisikia."

Wala Mama Sindano hakuyajua hayo mapema. Aliyasikia miaka miwili iliyopita, kwenye mkutano wa waliowahi kusoma hapa. Kamusi alikuwa amezungukwa na wenzake, anapiga soga, akasema kwamba yeye alikuwa mtu mzima kabisa alipogundua kwamba Wamarekani walivuka maji kwenda vitani. "Nilidhani lile ni pambizo," alisema, na wote wakacheka.

"Mimi sikucheka," anasema Mama Sindano. "Nilienda kukaa kule jikoni. Nilijiuma vidole, mwanangu, hivi hivi vilivyoitengeneza. Miaka yote nilikuwa nikimaliza ramani naitazama, naona imependeza, naipeleka darasani. Naikagua kwa macho! Shule nzima ya watu wa kunisaidia, na sikumwita hata mmoja aishike kwanza."

Tangu siku hiyo anashona bahari. Ameifumua na kuishona upya mara nyingi, na kila alipomaliza alikosa uso wa kumwita Kamusi aje aishike. Wiki hii amepiga moyo konde akampigia simu kazini.

Kamusi anafika saa tatu, fimbo mkononi, na viatu vya kazini bado mguuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Ndiyo salamu hiyo? Nakaa kutwa nzima kwenye kiti, utanikuta mwembamba?"

Anavutiwa kiti. Mama Sindano anamwongoza mikono hadi pwani ya Amerika, kisha anarudi nyuma hatua mbili na kushika mgongo wa kiti kingine.

Vidole vya Kamusi vinaanza safari. Vinagusa shanga, vinagusa pini, vinasita.

"Nini hizi?"

"Nyambizi," anajibu Mwalimu kutoka mlangoni. "Uingereza ilikuwa inakula na kuwasha injini kwa njia hiyo. Mwezi wa tano mwaka arobaini na tatu nyambizi zikazidiwa, zikaondolewa, njia ikawa wazi. Fuata shanga uone zinakwenda wapi."

Kamusi anafuata. Shanga zinafika Uingereza, zinavuka ukanda mwembamba wa maji, zinaishia kwenye kifungo kikubwa cha koti.

"Normandy," anasema polepole. "Kumbe walitokea huku. Mimi niliandika tu kwamba walifika."

Kwenye kadi ya pili, katikati ya Pasifiki, anakuta vifungo vinne vya shati vilivyogeuzwa juu chini. Mwalimu anamweleza kwamba hapo ni Midway, na kwamba hizo ni manowari nne za Japani za kubebea ndege zilizozamishwa. Baada ya hapo Japani ikawa ya kujihami zaidi kuliko kushambulia.

Kamusi anaiacha mikono yake pale pale. Ana umri wa miaka arobaini, ana watoto wawili, na mambo ya chuo, anasema, yeye alishayafunga.

"Mama, nililolishika nililijibu vizuri," anasema.

"Ulijibu vizuri sana. Aliyekosea ni mimi. Na hakuna ninaloweza kukurudishia, ndilo linaloniuma."

Kamusi habishi, wala hamwambii kwamba yameisha. Anavuta ile kadi ya Atlantiki karibu zaidi na kuipitia tena, sasa kwa mwendo wa mtu aliye kazini. Anapita Uingereza, anapanda kaskazini ya Norwe, anaelekea Urusi. Vidole vinateleza.

"Hapa juu patupu. Hapakuwa na kitu?"

Mama Sindano anamtazama Mwalimu. Mwalimu anajikuna kichwa.

"Palikuwa na meli," anakiri. "Zilipita kwenye barafu kupeleka silaha na chakula Urusi. Nyingine hazikufika. Hata mimi nilipasahau."

Mama Sindano anaketi. Mpango wake, alikuwa ametuambia asubuhi, ulikuwa aikabidhi ramani kabla ya kustaafu, nakala zipelekwe kwenye shule nyingine za wasioona. Sasa ameubadilisha: haitatoka hata moja kabla Kamusi hajaipitisha kwa mkono wake, na Kamusi amekubali kuja kila Jumamosi.

"Hivi ndivyo nilivyopaswa kukuita zamani," anamwambia, "wewe ukiwa bado mwanafunzi."

"Ungeniita ningekuja mbio," anajibu Kamusi. "Haya, lete shanga."

Mama Sindano anajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Vidole vinamkatalia. Anaweka bakuli la maji ya moto mezani, anavitumbukiza, na wanasubiri pamoja vilainike.