Kuni Zinaingilia Wapi?

Nilipomfahamu Loyce Sanga nilimhukumu kwa kosa la kupenda urembo, na nilichelewa mno kuifuta hukumu hiyo. Sina utetezi wa maana. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, mwalimu wa takwimu niliyekuja Guangzhou kusomea shahada ya uzamivu kwa ufadhili, na nilikuwa na mazoea ya kuamini kwamba jambo nisilolielewa halina sababu.

Loyce alikuwa mfanyabiashara kutoka Makete. Kila baada ya miezi mitatu alishuka uwanja wa ndege wa Baiyun akiwa na begi moja, akanunua suruali za jinzi za watoto katika soko la jumla la Shahe, akazipeleka kwa wakala wake wa mizigo katika jengo la Tianxiu, kisha akarudi nyumbani. Siku za Jumamosi nilimfanyia ukalimani, naye alinilipa kwa ugali na maharage aliyopika mwenyewe. Wakalimani wa kweli walikuwepo, lakini hawakukubali kulipwa maharage.

Mwaka 2006, kabla hatujafahamiana, alikuwa amenunua jiko la ukutani la kuotea moto, lile linalotengenezwa kiwandani na kuuzwa zima: sanduku la bati jembamba, bomba la moshi la vipande vipande, na fremu nyeupe ya kuigiza marumaru, yenye mizabibu ya kuchongwa na rafu pana juu yake. Alilisafirisha hadi Makete, likajengewa sebuleni katika nyumba ya matofali aliyomjengea mama yake, Bibi Melania. Moto uliwaka, ukapendeza, na joto lote likapanda bombani likaenda kuwapasha ndege.

Bibi Melania aliutazama moto huo siku mbili, kisha akarudi kulala katika kibanda chake cha kupikia, kando ya mafiga na moshi wake. "Hiyo nyumba haina moto," alisema. Alikuwa akikohoa kwa miaka kadhaa. Daktari alimweleza Loyce waziwazi kwamba mapafu yale hayatahimili Juni nyingine ndani ya moshi; na Makete, mwezi wa Juni, majani huamka yamefunikwa na sakitu, umande ulioganda kuwa barafu.

Hivyo Machi 2007 Loyce aliniambia kwamba anataka kuliboresha jiko lile lipashe nyumba kwa kuni, na kwamba kontena lake linafungwa baada ya wiki tatu. Nilimshauri anunue mablanketi.

"Mwalimu," alisema, "blanketi linatunza joto, halitengenezi. Au huko chuoni hawajafika hapo?"

Tulikwenda kwenye duka alikonunua mara ya kwanza. Mwenye duka, laoban Liang, yaani bosi Liang, alikuwa mtu mnene mwenye furaha, aliyejifunza Kiswahili cha wateja wake. "Rafiki! Karibu! Bei rahisi!" alitupokea. Nilimweleza, kwa Kichina nilichokiona kuwa kizuri, kwamba tunataka kitu cha kuingiza ndani ya lile sanduku la bati ili litoe joto zaidi. Alisikiliza, akatikisa kichwa, kisha akanitazama usoni na kuuliza:

"Chai? Yao bu yao chai?"

*Yao bu yao* ni "unataka, hutaki", hilo nililijua. Nalo "chai" nilidhani ninalijua zaidi. Mtu anayesema "bei rahisi" hashindwi kuwa amejifunza na neno hilo kutoka kwa wateja wetu, na kwa maana yake ile ya pili, ya mezani kwa ofisa. Nikamwinamia Loyce.

"Anataka chai."

"Chai ya nini? Mie mteja! Mteja ndiye anampa muuzaji chai? Hii nchi imeendelea kweli."

"Pengine ni kwa ajili ya kuharakisha oda."

"Mwambie hatutaki mambo hayo. Mwambie kwa ukali, Mwalimu, usimnong'oneze kama unaungama."

Nikamwambia kwa ukali. "Bu yao chai! Hatutaki chai kabisa!"

Laoban Liang alionekana kushangaa kidogo, kama daktari ambaye mgonjwa amekataa dawa. Aliuliza mara ya pili. Nilikataa mara ya pili, na nakumbuka nilijisikia mtu mwadilifu. Akaandika oda. Niliisoma, yaani nilisoma tarakimu, nikatia sahihi.

Siku nne kabla ya kontena kufungwa, sanduku lilifika katika ghala la wakala. Loyce alilifungua, akalizunguka, akachuchumaa, akapitisha mkono nyuma yake, na kutoa waya mrefu mweusi wenye plagi.

"Mwalimu," alisema taratibu. "Kuni zinaingilia wapi?"

Niliinama kuangalia. Magogo yalikuwemo. Yalikuwa ya plastiki, na nyuma yake palikuwa na taa za rangi ya machungwa zilizopangwa zicheze kama ndimi za moto. Lilikuwa jiko la umeme.

"Kijijini kwetu umeme haujafika," Loyce alisema. "Hii plagi nimchomeke mama puani?"

Tulirudi dukani siku ileile. Laoban Liang hakukasirika. Alitoa nakala ya oda na kutuonyesha sahihi yangu, ambayo haikuwa na mushkeli. Kisha akachukua penseli akachora kipande cha mti, akachora moto juu yake, akakigonga mara mbili kwa ncha.

"Chai," alisema.

Kwa Kichina, *chai* ni kuni. Nilikuwa ninaweza kusema "uwezekano wa matukio yasiyotegemeana" kwa lugha hiyo bila kusita, lakini neno la kuni sikuwa nalo. Alikuwa ameuliza kama tunataka jiko la kuni, nami nikamkatalia kwa ukali, mara mbili.

Loyce alicheka mpaka akaketi juu ya boksi. "Basi mwambie tunataka chai," alisema. "Chai nyingi. Mama ana shamba zima la chai, ya miwati na ya misindano."

Laoban alikubali kubadilisha. Alikuwa mtu wa milima ya Hunan, ambako baridi haina utani, na baada ya kuelewa kwamba kuna mama mzee katika habari hii aliacha kuuza akaanza kufundisha. Sanduku lile la bati, alisema, limetengenezwa kwa moto wa kutazamwa. Ukiingiza ndani yake jiko zito la moto mkali, bati litapinda na nyumba itashika moto. Litolewe lote. Jiko la chuma lenye mlango wa kioo liketi juu ya matofali, liwe na bomba lake jipya la chuma kisichoshika kutu hadi juu ya paa, na pale bomba linapopita katika mbao za dari lizungushiwe blanketi la kuzuia joto. Kuni za msindano zikaushwe mwaka mzima, la sivyo utomvu utaganda bombani na siku moja bomba lenyewe litawaka.

"Na hiyo fremu pia mtupe," alimalizia. "Rafu yake ni ya mbao iliyopakwa rangi. Itaungua."

Hilo nililitafsiri kwa furaha. Mizabibu ile ilikuwa ikiniudhi tangu mwanzo.

"Rafu inabaki," Loyce alisema.

"Dada Loyce, mtu huyu anasema ni hatari."

"Basi aweke ya jiwe. Lakini iwe pana vilevile, na isiwe na mteremko. Mama anataka rafu."

Nikafikiri: maua ya plastiki, picha za kipaimara, saa isiyotembea. Sikuuliza rafu ni ya nini, kwa kuwa nilidhani ninajua. Laoban aliongeza bamba la jiwe na kuchora umbali wa kuliweka juu ya jiko. Ili vyote vipate nafasi kontenani, Loyce alishusha robota mbili za jinzi.

Mwishoni mwa Mei mdogo wake, Lucas, alilijenga jiko pamoja na fundi, akifuata michoro ya laoban. Jumatatu waliwasha. Loyce, ambaye alikuwa amerudi Guangzhou, alinipa habari tukiwa Shahe katikati ya mabunda ya nguo. Bibi Melania alikuwa amekuja sebuleni, akaota moto, akashukuru, na kurudi kibandani kwake. Jumanne akafanya vivyo hivyo. Jumatano pia. Loyce alikuwa ameacha kujadiliana bei, alilipa alichoambiwa.

"Lakini anasemaje?" niliuliza.

"Anasema anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Mwalimu, mama yangu hahojiwi."

Alhamisi Bibi Melania alihamia, na godoro lake na paka wake. Juni hiyo alilala ndani, na kikohozi kilipungua, ingawa hakikwisha. Nilimweleza Loyce, kwa kirefu, kwamba matofali yalihitaji siku tatu kunyonya joto, na mwili wa mzee umeitambua tofauti. Alinisikiliza kwa adabu.

Mwaka 2009 Lucas alikuja Guangzhou kununua bidhaa, na tukiwa mezani nilimrudia maelezo yangu ya matofali. Aliniuliza matofali yameingiaje. Katika kibanda cha zamani, alisema, mama yao huweka chumvi kwenye uchaga juu ya mafiga isilowe, na rafu pana ndiyo kitu pekee alichomwagiza Loyce tangu jiko la kwanza. Juu ya jiko lile la kwanza chumvi ilikuwa maji siku ya pili. Jumatatu ile aliweka sahani ya chumvi iliyolowa juu ya bamba la jiwe, akawa anakuja kila siku kuigusa kwa kidole. Alhamisi asubuhi ilikuwa imekauka.