Jumamosi ya Kufungua Tairi

Kila Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa tukikutana nyuma ya duka la spea za baiskeli pale Ukunda. Tunatandika mkeka, na kila mtu anaweka juu yake kitu alichonunua wiki hiyo. Tulikuwa wanne. Mwenye duka, mtu mzima ambaye sote tulimwita ami. Muuguzi wa Msambweni, mwanamke aliyetoka bara, ambaye kwetu alikuwa sista. Mpishi wa hoteli moja ya Diani, aliyenizidi miaka kumi na kitu, nami nikimwita kaka. Na mimi, fundi wa simu, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kutazama video na kuharibu simu zangu tatu.

Vitu vyenyewe havikuwa vya ajabu. Pampu ya mkono, glavu, taa ya nyuma inayomweka nyekundu. Siku moja sista alileta kiti kipya cha baiskeli, na tulikipokezana kwa mikono miwili kama watu wanaopokezana mtoto wa siku arobaini.

"Laini hivi, kimeshonwa na mashine au mtu?" ami akauliza.

"Ami, kimeshonwa Uchina. Ungetaka nikuletee fundi mwenyewe?"

"Mlete. Ana kazi nzuri."

Kulikuwa na sheria moja, na kaka ndiye aliyeileta: kitu kipya hakitumiwi kwanza na mwenyewe. Lazima mwenzako akufungulie. Ukinunua tairi, mwingine anapanda baiskeli yako, anaenda hadi pale lami inapokata kona na kurudi, anakukabidhi na kukwambia mabruk, yaani hongera. Baada ya hapo ni yako. "Ukianza mwenyewe utakuwa mchoyo nacho," kaka alituambia. Hakueleza zaidi.

Mimi sheria hii ilinitesa. Naomba niseme ukweli: nilipowahi kununua kengele, niliifunga kwenye baiskeli nyumbani kwanza, nikaipiga mara kadhaa nikiwa nimefunga mlango, nihakikishe haina kasoro, kisha nikaitoa, nikaipangusa alama za vidole na kuirudisha kwenye boksi. Jumamosi nikaileta ifunguliwe. Kaka aliipiga mara moja, akanitazama, akasema mabruk. Sijui kama alijua. Nilikuwa na hofu kwamba mbele ya watu kitu changu kitakataa kufanya kazi, na wote wataona kwamba nilichagua vibaya. Kuchagua vibaya ndiko nilikokuogopa kuliko kukosa.

Jumamosi ninayoikumbuka mara nyingi ni ile ambayo kaka alileta jiko la kuchomea nyama. Alikuwa ameagiza kwa mchomeleaji wa vyuma: pipa lililopasuliwa kwa urefu, miguu minne, magurudumu mawili, wavu unaotoka na kurudi, na kifuniko chenye mpini wa mbao. Alilisukuma kutoka barabarani huku limefunikwa shuka, kama bibi harusi.

"Maa-sha-Allah," ami alisema. "Hili si jiko, ni gari."

"Lina bima?" sista akauliza.

Kaka aliweka bakuli la mishikaki mkekani. Alikuwa ameitia viungo tangu asubuhi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Akawasha makaa, akageuka, akanipa koleo mimi.

"Fungua."

"Kaka, wewe ndiye mpishi."

"Ndiyo maana nakupa wewe."

Niliuliza moto unatakiwa kuwa mkali kiasi gani. Niliuliza kila mshikaki ugeuzwe baada ya dakika ngapi. Niliuliza kama kifuniko kinafungwa au kinaachwa wazi. Sista alicheka hadi akashika tumbo. "Buda, ni nyama, si operesheni." Nikawa nageuza kila mshikaki kabla haujashika rangi, kisha nikaogopa kwamba nageuza sana, nikaacha, na safu nzima ikaungua upande mmoja. Nilitaka ardhi inimeze. Kaka aliuchukua ule uliokuwa mweusi kuliko yote, akala kipande kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayeonja chakula kabla hakijapelekwa kwa wageni.

"Basi," alisema, "jiko langu limefunguliwa."

Kuna watu wanaokusamehe kwa maneno, na unabaki na deni la kuwashukuru. Yeye alikula tu. Tangu siku ile nilianza kuihesabu wiki kutoka Jumamosi hadi Jumamosi.

Wakati huo baiskeli yangu ilikuwa na tairi zilizokwisha, laini kama chupa. Wenzangu walikuwa wakipanda kutoka Kombani hadi Kwale na kuendelea hadi Kinango, kisha kuingia barabara za vumbi zinazokwenda kwa wafugaji, na mimi nilibaki. Nilikuwa nasubiri tairi sahihi. Nilikuwa na daftari. Upana ukurasa wa kushoto, uzito ukurasa wa kulia, na chini yake maoni ya watu wa nchi ambazo sitazifikia, wakilalamikia matope ambayo Kinango hayapo. Kila nilipokaribia kuagiza, nilisoma mtu mmoja aliyepata pancha siku ya kwanza, na nikaanza upya.

"Umefika wapi?" kaka alikuwa akiniuliza kila wiki.

"Nimebakiza mbili."

"Wiki iliyopita zilikuwa mbili."

"Moja nimeitoa. Nyingine imeingia."

"Huyu," ami alisema, "atanunua tairi siku ya kiama, na atasema subirini kidogo, sijaona rangi nyingine."

Kisha Jumamosi moja kaka hakuweka kitu mkekani. Aliweka simu, na ndani yake picha ya barua. Alikuwa amepata kazi ya miaka miwili katika hoteli ya Doha. Angeondoka baada ya wiki tatu, siku ya Jumanne. Tulimpongeza. Sista alipiga kigelegele. Mimi nilishika ile simu na kuisoma barua yote hadi mwisho, hata anwani, kwa sababu sikuwa na la kufanya na uso wangu.

Tulipokuwa tunakunja mkeka alinijia.

"Tairi zako nitazifungua mimi," alisema. "Jumamosi ya mwisho. Nitapanda baiskeli yako kutoka kwako hadi Kombani, hapo tutabadilishana, utapanda kilima mwenyewe. Tutakula nyama Kinango. Nataka nikuone kwenye kile kilima kabla sijaenda."

"Inshallah."

"Inshallah ya kweli, au ile ya daftari?"

"Ya kweli, kaka."

Niliagiza usiku uleule. Nasema hivi ili ijulikane kwamba sikuchelewa. Tairi zilivuka feri ya Likoni Alhamisi ya wiki ya mwisho, mbili, zimekunjwa na kufungwa kwa utepe, zikinuka upya ule wa mpira ambao ningependa kuuweka kwenye chupa. Ijumaa baada ya kazi nilizivisha. Zilikaa vizuri. Nilizungusha gurudumu la mbele, halikuyumba. Nililala kwa furaha kama mtoto wa mkesha wa Idi.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, niliiweka baiskeli mlangoni niitazame kwa mwanga wa siku. Ndipo nilipoona. Waendesha baiskeli wanaojali mambo hayo wana desturi: maandishi ya tairi huwekwa juu kabisa ya valvu, pale pa kujazia upepo. Haiongezi kasi. Haizuii pancha. Ni unadhifu tu, kama kola iliyopigwa pasi. Gurudumu la mbele maandishi yalikuwa juu ya valvu. La nyuma yalikuwa yamepita pembeni, upana wa vidole vinne.

Hakuna ambaye angeliona hilo. Ami bila miwani haoni hata miwani yake iko wapi. Lakini niliwaza kaka amepanda baiskeli ile, mimi niko nyuma yake hadi Kombani, na yale maandishi yanazunguka yamekosea, yanazunguka yamekosea. Wenzangu wote watatu walikuwa wamesema watanipitia saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa na nusu saa. Nikatoa gurudumu la nyuma.

Tairi mpya ni ngumu. Niliitoa, nikaisogeza vidole vinne, nikaanza kuirudisha, na sehemu ya mwisho ikagoma. Mikono ilikuwa na jasho. Ningeweza kungoja, kaka angefika na kuibonyeza kwa kiganja kimoja, ni mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Badala yake nilichukua bisibisi ya kazini kwangu na kuisukuma kwa nguvu. Iliingia. Nikaanza kupampu. Tairi ilijaa, ikashikilia, kisha nikasikia sauti nyembamba ya upepo. Nilikuwa nimeibana tyubu kwa bisibisi na kuitoboa.

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, gurudumu katikati ya mapaja, bado nikipampu kana kwamba upepo ungenionea huruma, niliposikia kengele zao nje.

"Hodi!"

Sauti ya kaka. Niliacha kupampu.

Nilikuwa na viraka. Nilikuwa na gundi. Ilihitajika robo saa na mtu wa kunishikia gurudumu, na watu watatu walikuwa mlangoni. Lakini wangeingia na kuniona vile, tairi mpya chini, bisibisi mkononi, na ningelazimika kueleza kwamba ilikuwa nzima na niliitoboa kwa sababu ya maandishi.

"Hodi!"

Nilimsikia sista akisema labda nimelala.

"Hodi, mwanafunzi!"

Ndivyo kaka alivyoniita tangu siku ya jiko. Niliilaza pampu chini taratibu. Kengele zikaenda, moja, ya pili, na ya ami ambayo hukwaruza. Nikachukua simu na kuandika kwamba nimeamka na homa, wanisamehe, waende salama. Kaka alijibu baada ya muda, nadhani walikuwa tayari Kombani: "Pole sana. Upone haraka."

Jumanne alisafiri. Nilimpigia simu akiwa uwanja wa ndege, tukaongea kuhusu mizigo.

Sikuziba ile pancha kwa miezi minne. Niliitundika baiskeli ukutani, na kila niliporudi kutoka kibanda changu cha simu ilikuwa kitu cha kwanza ninachokiona. Mkekani Jumamosi niliendelea kwenda, ila sikuweka kitu. Nilikuwa nikimtafuta kwa ujinga. Nikisikia mtu dukani akiuliza bei kwa sauti nzito, nageuka. Nikipita kwa mchomeleaji na kuona pipa limepasuliwa, nasimama. Lile jiko lake liko kwao Msambweni, sista ameliona, amesema wanalitumia vizuri. Nilimuuliza kama kifuniko bado kinafunga sawasawa, akanijibu hakutazama, na nikamkasirikia kwa hilo siku nzima.

Siku moja kaka alitupigia simu ya video tukiwa mkekani. Alikuwa katika chumba chenye vitanda viwili, kichwa kimenyolewa. Akainua viatu vyeusi vya jikoni, visivyoteleza.

"Vipya," alisema. "Nimevivaa mwenyewe. Hapa sina wa kunifungulia."

Ami alimtania kwamba ameshakuwa mchoyo. Wote walicheka. Simu ilipofika kwangu niliichukua na kutoka nayo hadi barabarani.

"Kaka, siku ile sikuwa na homa."

"Najua."

"Sista alikwambia?"

"Sista hajui kitu. Nilisikia pampu. Mtu mwenye homa hapampu tairi."

Magari yalikuwa yanapita, na nadhani hata yeye aliyasikia kule.

"Mbona hukuingia tu?"

"Nilipiga hodi mara tatu. Baada ya tatu, mtu hurudi. Mwenye nyumba hataki." Hakusema kwa hasira. "Nilidhani hutaki kuniaga."

Hilo sikuwa nimeliwaza, hata mara moja, katika miezi yote minne ya kuwaza. Nilijiona mjinga na mchafu wa mikono, nikaogopa kuonekana hivyo. Hayo yote yalinihusu mimi. Kumbe nje ya mlango kulikuwa na mtu aliyesimama juu ya baiskeli yake, akihesabu.

Nilimweleza yote. Vidole vinne, bisibisi, sauti ya upepo. Nilitaraji acheke. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ungenifungulia. Ningeishika tu pale pagumu."

"Najua, kaka."

"Tairi ziko wapi?"

"Ukutani. Nimekuwekea wewe."

"Miaka miwili? Zitakauka. Mpe sista azifungue."

"Sitaki sista."

"Najua hutaki," alisema. "Mpe."

Jumamosi iliyofuata niliziba pancha na kuipeleka baiskeli. Sista aliitazama, akanitazama, hakuuliza. Alivua ndara, akavaa raba zake, akapanda. Nilisimama kando ya duka nikimwona anavyokwenda, mgongo umenyooka, tairi zikilia kidogo juu ya lami kama zinavyolia zikiwa mpya. Penye kona akapotea nyuma ya lori.

Alichelewa kidogo kurudi, labda alingoja magari. Muda ule barabara ilikuwa tupu, na nikajikuta natazama ile kona kwa hamu ambayo haikuwa ya kumtazamia yeye. Nilijua ni nani atakayetokea. Hata hivyo alipotokea, kitu kifuani mwangu kilishuka, na nilimwonea aibu kwa sababu alikuwa anatabasamu kutoka mbali.

Alifika, akashuka, akanipa usukani.

"Mabruk," alisema.

"Ahsante, dada."

"Kesho kutwa niko ofu. Twende Kinango?"

Kinywa changu kilikuwa tayari kimefunguka kusema breki za nyuma nazitilia shaka. Nilizitilia shaka kweli. Nikasema, "Saa ngapi?"