Mkaa Usiokauka

Mama Pumba hakulichukia jina lake. Kwa miaka kumi na moja alipepeta mchele kwenye kinu cha mpunga, hadi mashine mpya ikamtoa kazini. Mlima wa pumba nyuma ya kinu haukuwa na mwenyewe. "Zichukue zote," mwenye kinu alimwambia, "utanipunguzia kazi ya kuzichoma."

Akazichukua. Alizichoma polepole ndani ya pipa lililofunikwa, zikawa nyeusi bila kuwa majivu. Kisha alizitwanga, akazikanda kwa uji mzito wa muhogo, akashindilia kwenye kipande cha bomba na kutoa vipande vya mkaa vya ukubwa wa ngumi. Majirani walisema zamani alikuwa akiongea pumba, sasa anaziuza. Alicheka nao, maana ndio waliokuwa wateja wake.

Mumewe alikuwa mwashi. Majivu ya ule mkaa aliyachanganya na saruji, akafyatua matofali mepesi na kujenga chumba chao cha pili. Kisha siku moja akaanguka kutoka kwenye jukwaa kazini, nyonga ikavunjika, akawa mtu wa kitandani. Tangu hapo nyumba nzima ilitegemea mkaa.

Ndipo mpishi mkuu wa hospitali alipomwita. "Niletee magunia arobaini kabla mwezi haujaisha. Ukiwaka vizuri, kuni tunaachana nazo."

Mvua ilianza siku ya tatu baada ya agizo hilo. Haikuwa ile ya kupiga ikapita. Ilinyunyiza tangu asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku. Mkaa ukishikwa ulibonyea. Ukaota ukungu mweupe. Mama Pumba akauingiza ndani, chini ya meza, juu ya kabati, kuzunguka kitanda cha mgonjwa.

"Sasa na mimi nimetiwa kwenye gunia," mumewe alisema.

"Vumilia baba, ni siku mbili tatu tu."

"Hizo mbili tatu zako zimeshafika kumi."

Siku ya ishirini ya mvua aliwasha jiko katikati ya chumba kwa vile vipande vichache vilivyokauka, ili vikaushe vingine. Mumewe mwenyewe ndiye aliyesema, "Funga dirisha, unyevu unaingia." Akalifunga, akaenda kinuni kutafuta pumba kavu.

Aliporudi mchana aliita, hakuitikiwa. Alipofungua mlango kichwa kilimzunguka kwa hewa nzito ya mkaa. Mumewe alikuwa amelala macho nusu wazi, mdomo umelegea. Alishika godoro akalivuta, likakwama mlangoni. Alipiga kelele mpaka fundi cherehani wa jirani akaja mbio na futi ya kupimia ingali shingoni. Wakavuta pamoja. Mtu ambaye kila akigeuzwa alilia kwa maumivu, sasa nyonga yake iligonga kizingiti na hakutoa hata mguno.

Walimlaza mvuani. Mama Pumba alimpiga makofi mashavuni, akamwita kwa jina la utotoni ambalo mama mkwe wake pekee ndiye aliyelitumia. Baada ya muda mrefu mumewe alitapika, akafumbua macho.

"Mnaniloanisha," akasema.

Kesho yake Mama Pumba alipeleka hospitalini magunia kumi na moja, ndiyo pekee yaliyokauka, au aliyodhani yamekauka. Mpishi mkuu alivunja kipande kimoja, akatazama ndani, akawasha vingine. Jiko lilifuka moshi mpaka wapishi wakatoka nje.

"Mama, nina wagonjwa mia mbili wanasubiri uji," alisema kwa upole. "Siwezi kukaa napepea."

"Nipe wiki mbili."

"Mwezi umeisha. Kuni nimeshaagiza."

Nje ya lango aliketi juu ya gunia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani asirudi nyumbani. Alifikiria barabara inakoelekea, akafikiria nani atamgeuza yule mtu kitandani. Akasimama.

"Nusura nikuue kwa ajili ya mkaa," alimwambia mumewe usiku ule.

"Dirisha nilisema mimi."

"Jiko niliwasha mimi."

Walilia, kila mmoja akiutazama ukuta wake.

Jua lilitoka siku nne baadaye, limechelewa kama daktari anayefika msibani. Nusu ya mkaa ilikuwa imeshageuka vumbi. Uliobaki aliuuza kwa ndoo kwa wauza vyakula. Nyonga ya mumewe ilikuwa imevunjika upya pale kizingitini. Daktari alisema hatatembea tena.

Wiki ileile mumewe aliomba asogezwe mlangoni. Alitaka banda la kukaushia mkaa, la matofali ya majivu yaliyoachiana nafasi ili upepo upite. Yeye angeelekeza, mkewe angejenga. Mama Pumba hakuwahi kushika mwiko wa mwashi. Saruji ilimchubua vidole hadi damu.

"Mstari umepinda," mumewe alisema. "Bomoa."

Akabomoa, akaanza tena. Walipofika mstari wa nne mvua ilikuwa imeanza kunyunyiza, na mabati ya kuezekea bado hayakuwapo.