Mrihani Uliochumwa Kama Chai

Mpaka leo nikimwona mtu anachuma mrihani kama anachuma chai, damu inanichemka.

Bwana yule aliyekuja kukagua mrihani wetu alitumwa na kampuni iliyokamua mafuta ya mimea. Alikulia kwenye mashamba ya chai, na hilo alitueleza kabla hata hajapewa kiti. Kikundi cha akina mama wa Kisian, mamangu akiwa mwenyekiti, kilikuwa kimepanda shamba zima la mrihani wa kienyeji, ule tunaoutundika dirishani kufukuza mbu. Akiukubali, kampuni ingewaletea mtambo wa kukamulia pale pale kijijini. Akiukataa, shamba lingerudi kuwa la mahindi ya waume zao.

Akaingia na vidole vyake vya chai: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Shamba zima halikuwa na ua hata moja! Akasugua, akanusa, akakunja uso.

"Hii iko na harufu ya nyasi tu, mama."

Mamangu hakukifuata Kiswahili chake cha mbio. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, kwa kuwa nilikuwa nasoma chuo kule Bondo. Akaniambia kwa Dholuo, amekasirika, "Mwambie mrihani si chai. Ukiwa mchanga unanuka nyasi. Ile harufu kali, ya kafuri, inakuja ukitoa maua, na mbegu zikikauka inapungua tena. Arudi baada ya wiki tatu. Kama hawezi kungoja, aende akanuse chai yao."

Ni kemia hiyo, ingawa yeye hakuiita hivyo. Mmea hubadilisha mafuta yake kadiri unavyokua, na mamangu alilijua hilo kwa pua yake miaka mingi kabla sijafundishwa darasani.

Bwana akaandika kwamba mmea hauna nguvu, akaenda zake. Wiki tatu baadaye shamba lilichanua, harufu ikakupokea tangu barabarani, na waume walikuwa wanaling'oa. Nilikasirika. Mtu mzima, msomi, anahukumu jasho la wanawake wote wale kwa kichipukizi!

Mamangu alisimama kando ya shamba, ameshika tawi lenye maua.

"Nyathina, mwanangu, ulimwambia arudi?"

Siku ile niliona haya kumpa msomi maneno ya mama asiyesoma. Nilichomwambia ni, "Mama anasema asante kwa kuja."

"Nilimwambia," nikajibu.