Chafya za Bwana Afya

Mwanamume niliyetaka kuolewa naye alikuwa amekwisha kumtobolea baba yangu nyumba. Naanza na hilo ili mtu asije akaniuliza kwa nini posa yangu ilikuwa ngumu kuliko za wenzangu. Wenzangu waliposwa na vijana ambao wazazi hawakuwajua. Mimi nilipata bahati mbaya: wangu Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alimjua, na alimwita "yule wa matundu".

Miaka ile ya ujamaa kila kitu kilikuwa kampeni. Kampeni ya kisomo, kampeni ya vyoo, kampeni ya mihogo, halafu ikaja ya madirisha. Bwana afya wetu, kijana wa Bukoba mjini aliyehamishiwa Muleba, alipita Kishanda na Kagoma kwa baiskeli, akiingia nyumba hadi nyumba na kuwaambia wazee wa watu kwamba wanalala ndani ya moshi kama nyama inayokaushwa. Kila nyumba madirisha mawili, yatazamane, hewa ipite. Aliwaita wote "ndugu", hata wazee wenye mvi, na hilo nalo Tata aliliweka moyoni.

Sasa Tata alikuwa na msonge. Majirani wote walikwisha kujenga nyumba za pembe nne, za udongo na bati, yeye alikataa katakata. Msonge wa Kihaya ni nyasi tangu kileleni mpaka chini. Hauna ukuta wa kutoboa. Ukitaka dirisha unaikata nyumba nyasi zake, yaani unainyoa. Tata alimweleza bwana afya hivyo kwa upole, kwa kadiri ya upole aliokuwa nao. Bwana afya akajibu kwamba amri haichagui umbo la nyumba. Basi Tata akachukua panga, akanyoa matundu mawili, moja kila upande, akayawekea vipande vya jamvi vya kufungia, na maneno aliyoyasema kwa Kihaya wakati wa kazi hiyo siyaandiki, maana wajukuu zangu wanasoma.

"Nyumba hii," alimwambia kila aliyepita, "ilikuwa baridi mchana na joto usiku bila kuiomba serikali. Sasa ni joto mchana na baridi usiku, kwa amri."

Halafu yakaja maua. Anayejua kwetu anajua mvua za kwanza zinavyofanya baada ya kiangazi: unaamka, mibuni yote imekuwa myeupe, harufu tamu mpaka kichwa kinauma. Na ukipita upepo, ule unga wa maua unaruka. Zamani uliruka ukapita zake. Baada ya madirisha uliingia ndani. Ulitua kwenye ndizi, kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kofia ya Tata iliyotundikwa nguzoni, na nyuki wawili watatu wakaufuata. Tata alichukua kofia yake, akaipiga mbele ya kila mgeni, vumbi la manjano likatoka, akasema, "Hewa safi hiyo. Vuta."

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Muleba, na huko ndiko nilikokutana na bwana afya. Alikuja kukagua vyoo vya shule. Nikamgombeza kwa sababu aliingia darasani kwangu bila kubisha hodi, akaomba radhi mbele ya watoto, akatoka, akabisha, akaingia tena. Nikampenda hapo hapo. Sioni haya kusema. Mtu anayeweza kuomba radhi mbele ya darasa la sita ni mtu wa kuolewa naye.

Nilipomwambia Tata, alianza na dini. Kijana alikuwa Mlutheri, sisi Wakatoliki. Hilo, alisema, padre na mchungaji watazungumza. Madirisha nayo, alisema, Mungu atamhukumu. Lakini lipo moja ambalo hatalivumilia hata siku moja: kifua. Dada yangu mkubwa aliolewa na mtu aliyekuwa akikohoa kidogo tu, kidogo tu, na kabla hajazaa mtoto wa pili alirudi nyumbani mjane. Tata ndiye aliyepokea ile posa, na hakuwahi kujisamehe.

"Nitamsikiliza kifua chake," alisema. "Akiwa mzima, tutaona. Akikohoa, akikoroma, akipumua vibaya, usimtaje tena kwangu."

Nikasema sawa, maana bwana afya alikuwa mzima kama jiwe. Alipanda vilima vyote vya Muleba kwa baiskeli. Niliogopa nini?

Siku ya posa ilipangwa Jumapili baada ya misa. Ijumaa ya wiki iliyotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Jumapili asubuhi mibuni yote ya Tata ilikuwa myeupe kama imemwagiwa chumvi. Nikafurahi, mjinga mimi, nikaona hata shamba limevaa kwa ajili yangu.

Kwetu mgeni wa heshima hatandikiwi nyasi za jana. Anatandikiwa mbichi, zilizokatwa asubuhi ile ile, sakafu yote, na pale atakapokaa yeye zinarundikwa zaidi. Kazi hiyo ningeweza kuwaachia wengine. Sikuwaachia. Nilikwenda mwenyewe na mundu mpaka mbugani, nikachagua nyasi nzuri kuliko zote, ndefu, zenye mashuke yanayopepea, manjano hafifu na zambarau. Nikazitandaza kwa mikono yangu. Zile zenye mashuke mengi nikazirundika mahali pa mchumba wangu, katikati ya madirisha mawili. Na nisisitize kwamba wiki ile ile nilikuwa nimechora ua ubaoni, nikaandika "chavua" kwa herufi kubwa na kuwachapa wawili walioshindwa kulieleza.

Shangazi yangu, dada yake Tata, akanisukuma nyuma ya ukuta wa matete, sehemu ya kulala. "Binti anayeposwa haonekani wala hasikiki," akaniambia. "Ukikohoa tu nakuja kukufinya."

Wakafika wawili: bwana afya na mshenga wake, mzee mmoja wa mjini aliyekuwa amehudhuria mikutano mingi mno. Wakakaribishwa, wakakaa, wakapewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nilikuwa nimetoboa tundu katika matete kwa kidole. Nami pia nilikuwa na dirisha langu.

Mshenga akajisafisha koo. "Ndugu mwenyekiti," akaanza, akagundua, "yaani, waitu, mzee wetu, tumekuja kwa unyenyekevu..."

Chafya.

"...kwa unyenyekevu kabisa, tumesikia kwamba katika mji huu..."

Chafya mbili. Nikatazama. Bwana afya wangu alikuwa amebana pua kwa vidole, macho yamevimba na kuwa mekundu, machozi yanateremka. Ai waitu! Nilidhani amepatwa na msiba.

"Ni machozi ya furaha," mshenga akasema haraka.

"Na hizo chafya?" Tata akauliza.

"Nazo za furaha."

Mama yangu alikuwa pale mekoni, katikati ya nyumba, anapika. Alikuwa mtu wa huruma. Alipoona mgeni anateseka aliona kosa ni la mwenyeji, na dawa ya mwenyeji anaijua. Akamnong'oneza shangazi, shangazi akatoka, akarudi na mzigo mwingine wa nyasi nilizozibakiza nje, mbichi kabisa, akazirundika magotini pa mgeni. Zilipotua, wingu dogo la manjano likapanda kwenye mwanga wa dirisha. Nililiona. Ndipo lile neno langu la ubaoni liliponirudia, na nikajiuma mkono ili nisipige kelele.

Akapiga chafya tisa. Nilizihesabu. Baada ya ile ya tisa akavuta pumzi, na pumzi ikapiga mluzi kifuani. Nyumba nzima ikasikia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: aliyetupa hewa safi alikuwa anakosa pumzi katikati yake.

Tata akaweka chini kikapu cha kahawa. Hakucheka. Ningependa angecheka.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni, "unaumwa kifua?"

"Hapana, mzee. Ni maua tu. Kila mwaka, siku chache. Kifua changu kizima, hospitali wamekipima."

"Yule mwingine pia alisema ni siku chache."

Nyuma ya matete nilikaa chini. Nikajua kwamba akisema neno moja zaidi kwa sauti ile, posa imekufa.

Mshenga, Mungu amrehemu, akaokoa. "Mzee, tufanye hivi. Kama ni maua, tufunge yale madirisha, tutoe nyasi hizi mbichi, tuone. Akipona, ni maua. Asipopona, tunaondoka na hatutakulaumu."

Sijawahi kumwona Tata akiinuka upesi namna ile. Aliyafunga madirisha kwa mikono yake mwenyewe, akashusha majamvi, akayakaza kwa kamba, akapiga hatua nyuma kuyatazama kwa raha ya mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake. Shangazi akazoa nyasi zangu zote, akazitupa nje. Moto ukachochewa, wenye kuni mbichi, na moshi ukaanza kujaa taratibu kama zamani. Mgeni akapewa kitambaa kilicholowa maji, akajifuta uso.

Tukangoja. Chafya moja. Tukangoja. Nyingine, ndogo. Kisha kimya. Mluzi ule ukapungua, ukaisha. Bwana afya wa Muleba, adui wa moshi, akawa amekaa gizani katikati ya moshi, anapumua vizuri kama mtoto aliyenyonya.

"Basi ni maua," Tata akasema.

"Ni maua," mshenga akasema.

"Kumbe!" Tata akakaa sawasawa. Sasa alikuwa na furaha, na furaha ya Tata ilikuwa hatari kuliko hasira yake. "Kijana, sina tatizo na kifua chako. Nina swali moja tu, ukinijibu tuletewe lubisi. Nyumba ya Mhaya inataka dirisha, au haitaki?"

Mshenga akamgusa ubavuni kwa kiwiko. Shangazi akatabasamu. Hata mimi, nyuma ya matete, nilikuwa nikisogeza midomo: haitaki, sema haitaki, neno moja halizibi dirisha, ukishatoka hapa utasema unavyotaka. Na naapa alifungua mdomo ili aseme. Nilimwona. Alikuwa ananipenda, hakuwa malaika.

Akasita. Akageuza kichwa.

"Nani anakohoa?" akauliza.

Tukatazamana. "Hakuna anayekohoa," Tata akasema.

"Yupo. Tangu madirisha yafungwe."

Alikuwa mama. Yupo pale pale mekoni, ameinamia chungu, khanga mdomoni, anakohoa taratibu, kikohozi kikavu kifupi, halafu anakoroga, halafu anakohoa tena. Na Mungu shahidi, sikuwa nimekisikia. Hakuna aliyekuwa amekisikia. Tulizaliwa ndani ya kikohozi kile; kwetu kilikuwa sauti ya chakula kinachopikwa.

Bwana afya akainuka. Mchumba hainuki mpaka ainuliwe, hilo hata Walutheri wanalijua. Mshenga akamvuta koti, koti likamponyoka. Akaenda dirisha la kwanza, akafungua kamba, akakunja jamvi. Akavuka nyumba, akafungua la pili. Upepo ukaingia na maua yake yote, moshi ukayumba, ukaanza kutoka. Naye akasimama pale kwenye mwanga, akapiga chafya mpaka akashika nguzo.

"Mzee," akasema alipopata nafasi, "inataka. Nisamehe. Mimi maua yakianguka... nimepona. Yeye kikohozi chake... hakina msimu."

Na akapiga nyingine.

Nilikuwa na hasira naye, nimwambie nani uongo, hasira ya kutaka kumtupia chungu: neno moja tu aliombwa! Na wakati huo huo nilikuwa ninalia.

Tata hakumtazama yeye. Alimtazama mama, akamtazama hasa, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe mahali.

"Wewe," akamwambia. "Umeanza lini kukohoa?"

Mama akaondoa khanga mdomoni, akafikiri kwa uaminifu.

"Tangu uliponioa," akasema.

Shangazi akapasuka kwa kicheko, akajiziba mdomo. Tata hakucheka. Akainuka, akashika chungu kwa majani ya mgomba, akakiepua mwenyewe mbele ya wageni, jambo ambalo mwanamume wa umri wake hakulifanya, akakitoa nje mlangoni akakiweka kwenye mafiga ya uani. Akarudi kwa moto, akachukua vijinga viwili, navyo akavipeleka huko. Kisha akasimama mlangoni, mikono ina masizi, akamtazama kijana aliyekuwa bado amekumbatia nguzo yake.

"Jamani," akasema, "mleteeni mkwe wangu kitambaa kikavu."

Shangazi alinyoosha mkono kunizuia, lakini nilikuwa nimekwisha kupita.