Kidani cha Bi Aaltje

Bi Aaltje alikuwa jirani yangu kwa miaka ishirini na mitatu, na minne ya mwisho alinichosha kwa kidani chake. Hakikuwa cha dhahabu. Kilikuwa kibati kidogo chenye picha yake, jina, tarehe ya kuzaliwa, sahihi, na maneno machache ya amri: moyo wangu ukisimama, msiuamshe.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Miaka thelathini aliwafundisha watoto wa kijiji chetu kuogelea, akiwatumbukiza majini na nguo na viatu vyao, na wakilia anawacheka. Halafu siku moja mumewe, Klaas, akaanguka akipaka rangi mlango. Majirani wakamkandamiza kifua, wakamrudisha. Alirudi nusu. Alilala miezi kumi na minne akimwita mkewe muuguzi, akimuuliza kila asubuhi zamu yake inaisha saa ngapi. Baada ya mazishi Aaltje alikwenda kuagiza kidani. Simlaumu hata kidogo.

Shida ilikuwa Wiebe, muuza jibini wa nyumba ya pili, mmoja wa wale waliojiandikisha kuokoa watu. Mtu akianguka kijijini, simu yake hulia, naye huchomoka hata kama ana povu la kunyolea kidevuni, kwenda kuchukua ile mashine ya kushtua moyo ukutani mwa kanisa. Ukijilaza juani bustanini kwako, Wiebe anaruka ua kukupima mapigo. Na sheria haimlazimu mwokoaji kupekua nguo akitafuta kidani. Asipokiona, anaendelea na kazi.

Basi Aaltje akakivaa juu ya sweta, juu ya koti la mvua, juu ya vazi la kuogelea. Bado hakuridhika. Akatuita sebuleni kwake, kahawa na biskuti moja moja, akatusomesha: sahihi lazima iwe yake, picha lazima ifanane naye, na uamuzi ni wake peke yake, anaweza kuufuta saa yoyote, hata kwa ishara. Durk, karani mstaafu wa manispaa, aliandika yote kwenye karatasi. Wiebe aliahidi kutomgusa, ila uso ulimsawijika.

Ikafika siku ya Aaltje kutimiza miaka themanini na minne. Viti vilipangwa duara kama ilivyo desturi yetu, tukapongezana wote, hata tusiohusika na kuzaliwa kwake. Aaltje akatia mdomoni kipande cha jibini, akacheka jambo, kikamkaba. Akawa mwekundu, kisha zambarau. Akanyoosha kidole, akaonyesha koo.

Kooni ndipo kilipolala kidani. Tukasimama wote kwa heshima.

"Anatukumbusha," Durk alisema kwa upole.

Aaltje akaanza kupunga mikono yote miwili. Durk akafungua karatasi yake, akasema kwamba huenda hiyo ni ishara ya kufuta uamuzi, lakini ishara iwe ya wazi, na hii kwake haikuwa wazi. Mgeni mmoja akasema Bi Aaltje anaomba maji. Mimi, na aibu yake ninayo mpaka leo, nilisema anatuaga. Nikampungia. Aaltje alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau.

Wiebe alikuwa amesimama machozi yakimtiririka, amejikumbatia asije akavunja ahadi. Ghafla akasema, "Huyu moyo wake unapiga, mshipa nauona." Akamwinamisha, akampiga mgongoni mara tano kwa kiganja. Jibini likaruka, likatua kwenye kahawa ya Durk.

Aaltje alihema, akajifuta mdomo, sauti ikamrudia. "Mapunguani nyie. Kidani ni cha moyo. Nani kawaambia habari ya jibini?"

Wiebe alikuwa ameketi sakafuni.

"Sitaweza, Bi Aaltje," akasema. "Leo nimesimama dakika nzima nikikutazama. Siku ile ya kweli ikifika nitakugusa, najijua. Tafuta jirani mwingine."

Nilimwona bibi wa watu akiogopa kwa mara ya kwanza, kwani alijua Wiebe hasemi uongo, na alikiona kile kitanda cha Klaas mbele yake. Nikadhani atamfukuza. Badala yake alijishusha kwa taabu mpaka chini, magoti yakilia, akaketi karibu naye.

"Utanigusa," akasema. "Hutanikandamiza kifua, lakini utanigusa. Utanishika mkono na utakaa hapohapo mpaka niwe nimekwenda kweli. Hilo utaliweza?"

Wiebe aliitikia kwa kichwa.

Durk akavaa miwani, akaisoma karatasi yake mbele na nyuma, taratibu, sisi tukimsubiri.

"Haijakatazwa," akasema.