Kisahani cha Mlango wa Kina Njuguna

Nakumbuka siku moja kuliko zingine zote, mwanangu, na ulinikumbusha wewe juzi ulipokuja hapa Lanet na ile chupa yako ya sarafu za zamani. Ulikuwa na furaha. Ukanionyesha ile yenye tundu, ukacheka ukisema umeitoa kwa sanduku la shosho, nyanya yako, na hata hajui. Mimi nikafumba macho, ukadhani nimechoka.

Nilikuwa kijana wakati huo. Wazazi wetu walikuwa wamenunua shamba la mzungu kwa ushirika, wakagawana. Pesa za mkoloni zilikuwa karibu kuondolewa, zije za Kenya huru. Kabla hazijaja, ushirika ukatengeneza visahani vya shaba vya ukumbusho, vidogo kama kifuniko cha soda, kila nyumba kimoja, namba ya shamba lake imegongwa juu. Nyumba arobaini. Watu wakavipigilia msumari juu ya mlango.

Mimi nikavitaka vyote. Sijui ni shetani gani! Nilibadilisha kwa kisu, kwa sungura, kwa maneno matamu. Tamaa mbele, mauti nyuma, baba aliniambia, nikamcheka kisirisiri. Kikabaki kimoja tu, cha kina Njuguna, rafiki yangu wa kuchunga ng'ombe. Baba yake alikuwa amekipigilia kwa mkono wake, na mwezi huo tulikuwa tumemzika. Nikamwonyesha Njuguna tochi yangu mpya. Akaking'oa mama yake akiwa shambani, tukabadilishana.

Jioni yule mama akaja kwetu. Hakupiga kelele. Aliomba mkebe wangu wa visahani, akavishika kimoja kimoja akisoma namba: "Hii ni ya kina Wambui. Hii ni ya kina Chebet." Kisha akaniangalia.

"Kijana, umebeba milango yetu yote humu. Utabisha upi ufunguliwe?"

Nikamwambia nitamletea chake kesho, aniache kwanza nivipange vyote mezani nivione. Akaenda zake mikono mitupu. Kesho yake nikavipanga, vikapendeza mno, nikasema ngoja siku moja tu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Baadaye nikaona haya kwenda. Njuguna akawa ananipita kwenye josho la ng'ombe kama hanijui, na mwisho wakauza shamba, wakahamia Longonot.

Nilienda huko nikiwa tayari mzee, kisahani chao nimekifunga kwa leso. Mama yake Njuguna alikuwa ameshafariki. Njuguna akakigeuza mkononi, akasema, "Mama aliacha ule msumari mtupu mpaka tukahama." Akanirudishia. "Kaa nacho. Ule mlango ulishaanguka."

Hakunikaribisha hata chai, mwanangu. Nilirudi nikilia, mzee mzima.

Sasa ninavyo vyote arobaini. Nikivipanga mezani sina wa kumwonyesha, kwa sababu wale ambao vingewagusa ndio niliowanyang'anya. Huu upweke unaouona hapa nilijitafutia mwenyewe.

Kusanya, sikukatazi. Lakini kila kitu muulize mwenye nacho, na kama kilitoka bila ridhaa yake, kirudishe leo hii, kabla haya haijakufunga miguu. Anza na ile sarafu ya shosho. Yuko hai, na mlango wake bado umesimama.

Nenda ukabishe, mwanangu. Mungu akutangulie njiani, na shosho akufungulie, akuwekee chai.